Maji Yaliyomwagika

Kanisa letu liliuzwa mwaka ule bomba lilipopasuka.
Sasa vijana hulipa dola kumi na nane
kupanda ukuta pale aliposimama Mtakatifu Ludgeri,
wananing'inia kwa kamba, viganja vyeupe kwa chaki,
na wakifika juu hugonga kengele ndogo,
ileile, naapa, niliyoigonga nikiwa na miaka tisa
padre Ubald akiinua Hostia.

Sikulia. Misa nilikwisha kuiacha
tangu Rollande alipofariki, Februari,
ardhi ngumu kama chuma, wakamweka ghalani
akisubiri Mei ndipo azikwe.

Kazi yangu ni uwanjani: naendesha mashine ya barafu.
Vijana wa hoki wakishaichana kipindi kizima,
imejaa makovu kama mgongo wa punda,
naingia polepole.
Wembe unakwangua chini, maji yanamwagika nyuma.
Ya moto. Watu hawaamini.
Ya baridi hayashiki, hukaa juu juu
kama salamu ya jirani mliyegombana.
Wahenga walisema yakimwagika hayazoleki.
Mimi huyamwaga mara tatu kila Ijumaa
nayo huzoleka, hugeuka kioo.

Ilikuwa Ijumaa ya pili ya Kwaresima.
Soseji zilinukia kwenye kibanda cha Ginette
nami nikanunua viazi tu, sijui kwa nini;
mazoea yana taabu.
Kipindi cha tatu, Loïc Béland, namba kumi na tisa,
akamgonga mtoto wa timu ngeni kwa nyuma.
Refa akanyoosha mkono: dakika tano kizimbani.
Kioo mbele, kioo nyuma, benchi moja,
na mzee Réjean mlangoni, ambaye hasemi neno.
Jukwaa zima likamzomea,
isipokuwa bibi yake, aliyeficha rozari ndani ya glavu.
Husema anamwombea kipa.

Tulifungwa nne kwa moja. Taa nusu zikazimwa.
Nikamkuta Loïc amerudi kizimbani mwenyewe,
bado na viatu vya vyuma, kofia magotini.
"Sikumpiga yule," akasema. "Nilimpiga baba."
Baba yake yuko Alberta, kwenye mafuta,
huko simu hazishiki, au hashiki yeye.

Mimi si padre.
Sina mamlaka ya kufunga wala kufungua
ila ule mlango wa kizimba.
Nikaufungua. Nikamwambia, panda.

Kiti ni kimoja; akasimama ubavuni, ameshika chuma.
Tukazunguka. Mvuke ukapanda nyuma yetu
na puani mwangu, naapa tena, ukanukia ubani.
Karibu na mstari wa bluu palikuwa na tone la damu.
Tukapita juu yake. Halikutoka. Tukapita tena.
"Kesho mpigie simu," nikasema.
"Baba?"
"Yule mtoto."
Akanyamaza mzunguko mzima,
nami sikumharakisha; mafuta ya mashine hulipa manispaa.

Hiyo ndiyo imani? Muulize mwenye elimu.
Jumapili padre alikuja kutoka mjini,
siku hizi husalisha chumba cha mikutano, humo humo uwanjani,
juu ya zulia la mpira lililotobolewa na viatu vya vyuma.
Nilikaa nyuma kabisa, kando ya mashine ya soda
iliyonguruma mkate ulipoinuliwa.
Hakukuwa na kengele. Nilijikuta nikihesabu
pale ambapo ingelia.

Ninayoyakwangua hayapotei, msije mkadhani.
Nyuma ya uwanja kuna kilima cha theluji chafu,
kimo cha nyumba, hudumu hadi Juni,
watoto huupanda wamevaa kaptura.
Kikiyeyuka huacha vitu: kisahani cheusi cha hoki,
jino, kamba ya kiatu,
na mwaka huu punje moja ya rozari, ya mbao.
Ginette anasema ni kifungo cha koti.
Ninayo mfukoni.